Tarakimu sitini za LUKU: hotuba kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa kompyuta, Arusha

Ndugu wanafunzi wa mwaka wa kwanza, wazazi na walezi mliowasindikiza vijana wenu, wakufunzi wenzangu na mafundi wa maabara: habari za asubuhi, na karibuni Arusha.

Leo tunafungua kozi ya utangulizi wa kompyuta na taaluma yake. Naanza na kitu ambacho kila nyumba inakijua. Mwaka 2024 TANESCO waliwataka wateja wa LUKU waboreshe mita zao kabla ya tarehe 24 Novemba. Ukinunua umeme ulipokea makundi matatu ya tarakimu ishirini ishirini badala ya kundi moja. Unaingiza la kwanza, unasubiri mita ikubali, unaingiza la pili, kisha ndipo unaingiza la tatu lenye umeme wenyewe. Ukikimbilia la umeme kabla ya mawili yale, mita inakataa. Tarakimu sitini, na katika nyumba nyingi za Sakina, Kijenge, Unga Limited na hata Moshi kule Pasua, aliyetumwa kuzibonyeza alikuwa kijana wa nyumbani. Wengi wenu humu mlizibonyeza.

Sababu ya zoezi lile ni somo zima la wiki yetu ya pili, kwa hiyo tuitazame kwa utulivu.

Tokeni ya LUKU inafuata kiwango kinachoitwa STS, kilichoanzia Afrika Kusini mwanzoni mwa miaka ya 1990 na ambacho sasa kinatumika katika nchi nyingi. Mita hizi hazihitaji intaneti. Mita yako haiulizi ofisini kama umelipa. Inachojua kinatoka kwenye zile tarakimu 20 peke yake. Ndani ya tarakimu hizo mna biti 66, kila biti ikiwa sifuri au moja. Biti 2 zinataja aina ya tokeni, na biti 64 zimefumbwa kwa ufunguo wa siri ambao mita yako inao na ya jirani haina, ndiyo maana tokeni ya jirani haiingii kwako. Mita inafumbua, inasoma idadi ya uniti, kisha inasoma jambo jingine: dakika ambayo tokeni ilitengenezwa. Dakika hiyo ndiyo inayomzuia mtu kuingiza tokeni moja mara mbili. Mita inakumbuka tokeni za karibuni ilizopokea, na ikiona tokeni iliyo ya zamani kuliko zote inazozikumbuka, inaikataa.

Walioandika kiwango walitenga biti 24 kwa ajili ya muda, wakahesabu dakika kuanzia tarehe 1 Januari 1993. Biti 24 zinaweza kuandika namba 16,777,216 tofauti, si zaidi. Toeni simu mpige hesabu sasa hivi: gawanya kwa 60 upate saa, gawanya kwa 24 upate siku. Zinatoka siku 11,650 na kitu. Zihesabu kuanzia mwanzo wa 1993, utaangukia tarehe 24 Novemba 2024. Dakika inayofuata hesabu inarudi sifuri, na mita ambayo haijaambiwa lolote inaiona tokeni ya leo kama ya mwaka 1993.

Yale makundi mawili ya mwanzo yalibeba ufunguo mpya wa siri, nusu kwa nusu, kwa sababu ufunguo mzima hautoshei kwenye tokeni moja. Mita ikishaupokea, inafuta kumbukumbu ya tokeni za zamani na kuanza kuhesabu kutoka tarehe nyingine. Kiwango kimeutaja mwaka 2014 kuwa mwanzo mpya wa hesabu, na hesabu hiyo nayo itaisha Novemba 2045. Mwaka huo wengi wenu mtakuwa na miaka arobaini na kidogo. Baadhi yenu ndio mtakaoulizwa mmejiandaaje.

Idara yetu haiwalaumu walioweka biti 24. Tokeni ilitakiwa ibonyezwe kwa kidole na mtu wa kawaida, pengine gizani. Kila biti tatu na kidogo zinazoongezwa ni tarakimu moja zaidi ya kubonyeza, na tarakimu ishirini tayari ni nyingi. Walichagua, wakaandika walichochagua, na kwa kuwa kimeandikwa, yeyote aliyesoma kiwango angeweza kupiga hesabu mliyoipiga sasa na kuijua siku ya mwisho miaka mingi kabla. Mtaalamu wa kompyuta ni yule anayejua kazi yake inaishia wapi, anayeandika kikomo hicho mahali kinapoonekana, na anayewaambia watakaoguswa kabla hawajakigonga wenyewe. Kozi hii imejengwa juu ya hilo. Kujua lugha tatu za programu ni jambo jema, na mtazijua, lakini tumeona watu wanaojua lugha tano na bado hawawezi kukwambia programu yao itafanya nini ikipewa namba hasi.

Tuje kwenye fedha, maana hapa Arusha na Moshi kazi nyingi mtakazokabidhiwa zitakuwa za fedha: SACCOS, vyama vya ushirika vya kahawa, maduka ya jumla, kampuni za utalii, ada za shule. Kwenye hifadhidata nyingi namba nzima ya kawaida hukaa kwenye biti 32, na namba kubwa kabisa inayoweza kuingia humo, ikiwa hasi nazo zinaruhusiwa, ni 2,147,483,647. Kwa mtu anayetengeneza programu ya chama kidogo huko wanakohesabu dola, bilioni mbili ni fedha ambazo hatarajii kuziona. Kwetu, SACCOS yenye wanachama 1,500 walioweka wastani wa shilingi milioni 1.5 kila mmoja ina bilioni 2.25. Imeshapita.

Kinachotokea hapo kinategemea kilichotumika. Lugha nyingine zinazungusha hesabu upande wa pili, na jumla ile ya bilioni 2.25 inajitokeza kama hasi 2,044,967,296. Hiyo si mbaya sana, kwa sababu kila mtu ataona kuna kasoro. Hifadhidata iliyopangwa vizuri inakataa kuhifadhi na kutoa ujumbe wa kosa, na hilo ndilo jema zaidi. Ya hatari ni hifadhidata iliyolegezwa masharti, ambayo inaandika 2,147,483,647 na kuendelea na kazi kana kwamba hakuna kilichotokea. MySQL, hifadhidata mojawapo, hufanya hivyo ikiondolewa ukali wake, na wako mafundi wanaouondoa makusudi kwa kuwa ujumbe wa makosa unawakera. Mhasibu anaona jumla iliyosimama pale pale mwezi baada ya mwezi, anahisi wanachama wameacha kuweka akiba. Dawa yake ni ndogo: safu ya fedha iwe ya biti 64 tangu siku ya kwanza. Kikomo chake kina tarakimu 19. Kinatosha.

Kosa la pili la fedha ni kuziweka kwenye namba za nukta inayoelea, yaani namba za desimali ambazo mashine huzihifadhi kwa kukadiria. Iambie Python, mojawapo ya lugha za programu, ijumlishe 0.1 na 0.2, itakujibu 0.30000000000000004. Haijaharibika. Sehemu moja ya kumi haiandikiki kikamilifu kwa sifuri na moja, kama theluthi isivyoandikika kikamilifu kwa desimali, kwa hiyo mashine inahifadhi kilicho karibu. Kwenye mchoro wa skrini hakuna atakayegundua. Kwenye riba inayokokotolewa kila mwezi kwa wanachama 1,500, mwisho wa mwaka leja hazilingani, na mhasibu anakesha akitafuta shilingi ambazo hazikuibwa na mtu. Hifadhi senti kwa namba nzima, au tumia aina ya desimali ambayo hifadhidata inayo kwa kazi hiyo. Amueni pia mapema, na kwa maandishi, nusu shilingi inapandishwa au inashushwa, na ni nani katika chama aliyeidhinisha uamuzi huo. Mkimwachia mwandishi wa programu aamue kimya kimya, mmempa madaraka ambayo si yake.

Namba za utambulisho zina balaa lake. Namba ya NIDA ina tarakimu 20. Excel hushika tarakimu 15 za mwanzo za namba yoyote, zilizobaki inazigeuza sifuri. Karani anabandika orodha ya wanachama 800 iliyoandikwa bila vistari, anahifadhi faili, anafunga. Tarakimu tano za mwisho za kila mtu zimekwenda, na hakuna kitufe cha kuzirudisha. Namba za simu nazo zinapoteza sifuri ya mbele. JavaScript, lugha mtakayoikuta kwenye kila tovuti, ikipewa namba nzima iliyozidi 9,007,199,254,740,991 haiwezi tena kutofautisha kila namba na jirani yake, na hiyo ni ya tarakimu 16 tu. Shikeni kanuni hii: namba ambayo hutaijumlisha wala kuizidisha ihifadhiwe kama maandishi. Na kwenye Excel, safu igeuzwe kuwa ya maandishi kabla ya kubandika. Ukiigeuza baadaye umechelewa.

Sasa kuna kijiji hapo juu kwenye mteremko wa Meru, Ng'iresi, ambacho watalii wengi hupelekwa. Chukulia mfumo wa kupokea wageni ambao mwandishi wake ameunganisha maneno moja kwa moja na amri ya SQL, lugha ya kuiamuru hifadhidata. Karani anaandika Ng'iresi kwenye kisanduku cha mahali. Amri inayokwenda kwenye hifadhidata inakuwa:

WHERE mahali = 'Ng'iresi'

Hifadhidata inaona ritifaa (alama ') ya kwanza, inajua maandishi yanaanza. Inaona ritifaa ya pili baada ya Ng, inaamini maandishi yamekwisha. Kilichobaki, iresi na ritifaa moja, haikielewi, inatupa kosa. Skrini ya karani inakuwa nyeupe. Karani anajifunza kuandika Ngiresi, mwenzake anaandika Ng iresi, na baada ya miaka miwili kijiji kimoja kina majina matatu kwenye ripoti. Huo ndio ubaya mdogo. Mkubwa ni kwamba mlango ule ule ulioangushwa na ritifaa ya bahati mbaya, mtu mwenye nia mbaya anaweza kupitisha humo amri kamili ya kusoma au kufuta jedwali zima. Mfumo unaoanguka kwa neno lenye ng' umekuonyesha kwamba hauko salama. Ukiona hivyo kazini, usiishie kumwambia karani aache ritifaa. Amri iandikwe upya ili data ipitishwe kando kama vigezo, isichanganywe na maneno ya amri yenyewe. Mtalifanya hilo kwa mikono yenu wiki ya tisa: kwanza mtauangusha mfumo wa mazoezi, kisha mtautengeneza.

Saa pia zina kikomo chake. Seva nyingi huandika muda wa UTC, yaani saa ya kimataifa, ambao uko nyuma yetu kwa saa tatu. Malipo yaliyofanyika saa 8 usiku wa kuamkia tarehe 1 Julai yanaandikwa kuwa ya saa 23:00 tarehe 30 Juni. Kwa ofisi inayofunga mwaka wa fedha tarehe 30 Juni, malipo hayo yameangukia mwaka usio wake, na mkaguzi atauliza. Kuhifadhi kwa UTC ni sahihi, msibadili hilo. Ripoti ndiyo igeuzwe kwa saa za hapa kabla ya kugawa siku. Na ujumbe wa simu unaomwambia mgonjwa aje saa 2 bila kusema asubuhi au mchana utaleta watu wawili kwa nyakati mbili, kwa sababu mmoja anahesabu kwa saa za Kiswahili na mwingine anasoma saa ya simu. Andika saa 2 asubuhi. Ni neno moja tu, na safari ya mgonjwa kutoka Ngaramtoni haipotei bure.

Niwapeleke mbali kidogo, kwa sababu taaluma hii ina makaburi yake na ni wajibu wenu kuyajua.

Kati ya 1985 na 1987 mashine ya kutibu saratani kwa mionzi, Therac-25, iliyotengenezwa Kanada, ilihusika katika ajali 6 nchini Marekani na Kanada. Wagonjwa walipigwa mionzi kupita kiasi mno, na baadhi yao walifariki. Mojawapo ya makosa yake lilikuwa dogo hivi: programu ilikuwa na namba ya baiti moja, yaani biti 8, iliyotumika kama alama. Ikiwa sifuri, maana yake hakuna haja ya kukagua mkao wa sehemu ya mashine; ikiwa si sifuri, kagua. Kila ilipopita katika maandalizi, programu iliongeza moja kwenye namba hiyo badala ya kuiandika moja. Baiti moja inaishia 255. Mara ya 256 ilirudi sifuri, na ukaguzi ukarukwa. Januari 1987, katika mji wa Yakima, mtumishi alibonyeza kitufe katika nafasi hiyo hiyo, na mgonjwa akafariki miezi michache baadaye. Mashine za kabla yake zilikuwa na vizuizi vya umeme na chuma ambavyo vingekata mionzi hata programu ikikosea. Kwenye Therac-25 viliondolewa, programu ikaaminiwa peke yake. Rekebisho la kosa lile ni kuandika moja badala ya kuongeza moja.

Kisa cha pili hakikuua kwa mionzi, lakini kiliharibu maisha ya watu wengi zaidi, na kwa maoni yetu ndicho kisa ambacho kila mwanafunzi wa kompyuta anapaswa kukijua kwa undani. Kuanzia 1999 Posta ya Uingereza ilisambaza mfumo wa hesabu uitwao Horizon kwenye vituo vyake vya mitaani, ambavyo vingi huendeshwa na watu binafsi kwa mkataba. Mfumo ulikuwa na makosa yaliyoonyesha upungufu wa fedha ambao haukuwepo. Mwendesha kituo anafunga hesabu jioni, skrini inamwambia amepungukiwa maelfu ya pauni. Mkataba ulimtaka alipe. Wengi walilipa kwa akiba zao, wengine wakauza nyumba. Wengine walishitakiwa kwa wizi na udanganyifu wa hesabu, na kati ya 1999 na 2015 zaidi ya watu 900 walitiwa hatiani, baadhi wakafungwa. Wengi walipouliza kama kuna wengine wenye tatizo hilo, waliambiwa wako peke yao. Mahakama za Uingereza huchukulia kwamba kompyuta inafanya kazi sawasawa mpaka ionyeshwe vinginevyo, na mtu wa kaunta hana njia ya kuonyesha, maana kumbukumbu za mfumo ziko kwa wenye mfumo. Desemba 2019 Mahakama Kuu iliamua kwamba makosa yalikuwepo, na kwamba watu walio mbali waliweza kuingia na kubadili hesabu za kituo bila mwenye kituo kujua. Mwaka 2024 Bunge lilipitisha sheria ya kufuta hukumu zile kwa jumla. Baadhi ya waliohukumiwa walikuwa wameshafariki.

Tazameni mahali kosa la kitaaluma lilipo. Programu kubwa yoyote ina makosa. Hilo peke yake halimfungi mtu. Lililowafunga ni kwamba waliojua makosa hayo hawakuyapeleka palipohitajika, na walioambiwa hawakutaka kusikia. Daftari la makosa yanayojulikana, lenye tarehe, maelezo, walioguswa na hatua iliyochukuliwa, ni kazi ya kitaaluma sawa na programu yenyewe. Kwenye kozi hii kila kikundi kitakuwa na daftari hilo. Lina alama 15 kati ya 100, na kikundi kitakacholeta daftari tupu kitapata sifuri kwenye alama hizo, kwa sababu hatuamini kwamba kazi yao haina kosa.

Kuhusu mwendo wa kozi. Ina krediti 12, yaani saa 120 za kujifunza: saa 2 za mhadhara na saa 2 za maabara kila wiki kwa wiki 15, na saa 60 zilizobaki ni zenu wenyewe. Wiki tatu za kwanza hakuna programu. Mtabadili namba kwa kalamu na daftari kutoka makumi kwenda mfumo wa sifuri na moja, mtafungua kompyuta mezani mwone kichakataji, kumbukumbu na diski, mtazifunga, na iwake. Wanaokwama hapo mara nyingi hawakubana kumbukumbu mpaka ilie kwa pande zote mbili. Mashine inapiga mlio na skrini inabaki nyeusi, watu wanadhani wameiua. Wiki ya nne tunaanza Python na amri za Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta, kwenye skrini nyeusi.

Kazi kubwa ya muhula ni ya watu wanne wanne. Mtakwenda kwa mtu mwenye kazi halisi, duka la dawa Kilombero, mama mwenye stationeri, karani wa SACCOS, mtamwomba ruhusa, mtakaa naye nusu siku, na mtaandika ukurasa mmoja unaoeleza kazi yake inavyokwenda kabla hamjagusa kompyuta. Vikundi hukosea karibu kwa njia zile zile. Wanamhoji mwenye duka na kumwacha anayekaa kaunta, ilhali mwenye duka anaeleza kazi inavyopaswa kwenda na wa kaunta anajua inavyokwenda. Wanauliza anataka nini, hawaulizi hufanya nini umeme ukikatika katikati ya mauzo. Wanachora skrini za rangi siku ya kwanza. Msiulize "ungependa mfumo gani?" Ulizeni: mara ya mwisho hesabu ilipokataa, ilikuwaje? Ombeni kuona daftari lenyewe, mwone alichokatakata na alichoandika pembeni. Mwandiko wa pembeni ndio unaowaonyesha mambo ambayo mfumo wowote wa zamani ulishindwa kuyabeba. Kama daftari lina majina ya wadaiwa au ya wagonjwa, msilipige picha. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inawagusa hata nyinyi wanafunzi, na taarifa za afya ni nyeti. Nakilini muundo wa safu, tieni majina ya kubuni.

Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 nayo isomeni mapema, maana mtajifunza mbinu za kuingia kwenye mifumo. Kuingia bila ruhusa ni jinai hata kama hukuchukua kitu na nia yako ilikuwa kumwonyesha mwenye mfumo udhaifu wake. Ruhusa iwe ya maandishi, itaje mfumo upi na kwa siku zipi. Mitandao ya chuo haimo kwenye ruhusa ya mazoezi. Maabara ina mashine zake zilizotengwa.

Akili unde mnaruhusiwa kuitumia, kwa sharti moja. Kila kazi ina mahojiano ya dakika 10 mbele ya mkufunzi, naye atanyoosha kidole kwenye mstari wowote na kuuliza: huu unafanya nini, na utashindwa lini? Asiyeweza kujibu hapati alama za mstari huo wala za kipande kilichouzunguka, hata kama programu inafanya kazi. Zana hizo huandika msimbo unaopendeza macho, na mara nyingi huacha kikomo bila kukitaja: safu ya fedha ya biti 32, muda usio na eneo la saa, amri ya SQL iliyounganishwa na maneno. Ni vizuri kuzitumia kusoma ujumbe wa kosa msioelewa. Wiki sita za kwanza tungependa mwandike kwa mikono yenu, kwa sababu anayeanza hana bado jicho la kuona kilichokosekana.

Wazazi huuliza kazi ziko wapi. Ziko za mtandao na nyaya, za kusimamia seva, za kuchambua data, za usalama, za ukaguzi wa mifumo, za kupima programu kabla haijatoka, za kumsaidia mtumiaji kwenye simu, na za kuandika programu. Kwa kweli hapa mkoani kazi ya kwanza ya wengi itakuwa kutunza mfumo ulioandikwa na mtu aliyeshaondoka bila kuacha maelezo. Kwa hiyo tunafundisha kusoma msimbo wa wengine mapema, na kuhifadhi nakala: nakala 3, kwenye aina 2 za vyombo, na 1 iwe nje ya jengo. Nakala ambayo haijawahi kurejeshwa haihesabiwi. Kila mwezi chagueni siku, chukueni mashine tupu, rejesheni data yote, andikeni imechukua saa ngapi. Ofisi nyingi hugundua siku ya msiba kwamba diski ya nje ilijaa tangu mwaka jana, au ilikuwa imechomekwa muda wote na kirusi kimeifunga pamoja na seva.

Mwisho ni vifaa. Kompyuta mpakato si lazima. Maabara itakuwa wazi mpaka saa 3 usiku. Atakayenunua iliyotumika atafute yenye kumbukumbu ya GB 8 na diski ya SSD ya GB 256, hiyo inatosha miaka yote mitatu. Kabla ya kulipa, chomoa chaja na uiache iwake dakika 20, jaribu kila kitufe cha kibodi kwa kuandika, chomeka flashi kwenye kila tundu, na uunganishe Wi-Fi. Muuzaji asiyekuruhusu kufanya hivyo, mwache. Windows isiyo na leseni mara nyingi huja na vitu vingine ndani. Tutawasaidia kuweka Linux bila malipo wiki ya pili, lakini hifadhini faili zenu kwanza kwenye diski nyingine, kwa sababu anayechagua kufuta diski nzima haulizwi mara nyingi.

Orodha za vikundi vya maabara ziko kwenye ubao wa nje, zimepangwa kwa namba za usajili. Asiyeona namba yake aende dirisha la usajili leo kabla ya saa 9 alasiri, akiwa na barua ya udahili na namba ya mtihani wa kidato cha sita au cheti chake cha awali. Maswali tunayapokea sasa, tuanze na upande wa wazazi.